Umemaliza Kidato cha Nne, Unataka Kozi ya Afya au Hoteli: Hatua za Kufuata Kabla Hujalipa Hata Shilingi

Kila mwaka NECTA wakishatangaza matokeo ya kidato cha nne, simu yangu haipumziki. Mimi ni muuguzi hapa Morogoro, na mtaani kwetu ukishaonekana unatoka asubuhi na sare ya hospitali, basi umekuwa ofisi ya udahili. "Anti, mwanangu ana D ya kemia, unesi unawezekana?" "Dada, kuna kozi ya dharura ya miezi mitatu, ni kweli ukimaliza unaajiriwa?" "Kati ya hoteli na famasi, ipi ina kazi?" Maswali ni yaleyale tangu nimeanza kazi, wanabadilika waulizaji tu. Nimeamua kuyaweka yote hapa, ili anayekuja kugonga mlango saa mbili usiku nimtumie haya kwanza, mengine tuongee akishasoma.

Wanaokwama wengi hawakukosa akili wala vigezo. Walianzia upande usio wenyewe. Wanapenda chuo kwanza kwa sababu jirani kasoma hapo au kina majengo mazuri, wanachagua kozi iliyobaki na nafasi, halafu baada ya miaka mitatu ndio wanauliza kazi iko wapi na leseni inatolewa na nani. Wewe geuza. Anza na kazi, uliza nani anaisajili, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye cheti ulichoshika mkononi.

Ninayoeleza ni ya Tanzania Bara. Wa Zanzibar hupeleka maombi moja kwa moja chuoni, na SUZA, chuo kikuu cha taifa cha kule, ndiyo yenye kozi za afya Mbweni na za utalii Maruhubi. Ndugu zetu wa Kenya wana chuo cha KMTC kwa afya na Kenya Utalii College, iliyoanza mwaka 1975, kwa hoteli. Taratibu zao ni nyingine, usizichanganye na hizi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, kamili, pamoja na mwaka. Inaanza na S kwa mwanafunzi wa shule, P kwa mtahiniwa wa kujitegemea. Kama umerisiti, uwe na zote mbili.
- Cheti cha kuzaliwa cha RITA. Linganisha jina herufi kwa herufi na la kwenye matokeo.
- Namba ya NIDA kama umeshafika miaka 18.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako au la mzazi, ambayo haitapotea kesho kutwa. Na barua pepe yako mwenyewe.
- Daftari la kuandika nywila, namba za malipo na tarehe. Usicheke. Nusu ya wanaokuja kwangu wanalia wamesahau nywila.
- Mtu mmoja anayeifanya hiyo kazi kweli, umkalishe nusu saa umhoji. Huyu ana thamani kuliko vipeperushi vyote.

Hatua ya 1: Chagua kazi, jina la kozi litakuja lenyewe

Fumba macho ujione saa tisa usiku, miaka mitano kuanzia sasa. Uko wapi, unafanya nini? Kazi za afya na za hoteli zinafanana hapo: zote zina zamu, zote zina Sikukuu ya Idi na Krismasi ukiwa kazini, zote zinataka utabasamu kwa mtu anayekufokea. Kama hilo huliwezi, afadhali ulijue leo.

*Uuguzi na ukunga.* Utakuwa karibu na mgonjwa kuliko mtu yeyote mwingine. Kutandika kitanda chenye mtu juu yake, kusafisha kidonda, kutoa dawa kwa saa, kuzalisha. Mwili unachoka, mgongo hasa. Ila ni kazi yenye milango mingi. Kutoka hapa unaweza kwenda chumba cha upasuaji, wagonjwa mahututi, afya ya akili au ualimu.

*Utabibu.* Huyu ndiye watu wa vijijini wanamwita daktari. Kwenye zahanati na vituo vya afya ndiye anayemwona mgonjwa, anampima na kuandika dawa. Ukipelekwa zahanati ya mbali utaamua mengi ukiwa peke yako. Wanaopenda kuamua hufurahia. Waoga wa lawama huteseka.

*Famasi, maabara, afya ya mazingira.* Wengi huziona kozi za waliokosa unesi, na hapo wanajidanganya. Maabara inataka mtu mtulivu anayeweza kurudia kitu kilekile mara mia bila kukosea. Afya ya mazingira inakutoa nje: unakagua bucha, migahawa, visima na vyoo vya shule. Kama hupendi harufu ya wadi lakini unapenda afya ya watu, hiyo ndiyo yako.

*Utengamao.* Hapa namaanisha fiziotherapia, tiba kwa kazi, na utengenezaji wa viungo bandia. Moshi, pale hospitali ya KCMC, ndiko kwenye shule za siku nyingi, na TATCOT inayofundisha viungo bandia ipo tangu mwaka 1981. Vijana wachache wanazijua, kwa hiyo wachache wanaziomba. Nikipata kijana mwenye mikono ya ufundi na moyo wa huruma, huko ndiko ninakomsukuma.

*Huduma ya dharura.* Hapa naomba utulie, maana ndipo penye utapeli mwingi. Picha ya gari la wagonjwa linalopiga king'ora imewavuta wengi. Kuna mafunzo mafupi ya huduma ya kwanza, ya siku chache, yanayotolewa na Msalaba Mwekundu na pia OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, kwa ajili ya sehemu za kazi. Ni mafunzo mazuri, kila mtu angepaswa kuyapata, mpaka kondakta wa daladala. Lakini cheti chake hakikufanyi mtaalamu wa afya. Njia ya uhakika ya kufanya kazi idara ya dharura hapa kwetu ni kusoma uuguzi au utabibu kwanza, halafu ujiongeze humo ndani. Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, na tangu hapo hospitali nyingine kubwa zimefuata, kwa hiyo nafasi zinaongezeka, ila mlango ni uleule wa uuguzi na utabibu.

*Ustawi wa mwili: masaji, spa, mazoezi, urembo.* Soko lake kubwa liko hoteli za Zanzibar na za kitalii za Arusha. Hapa jina la chuo halina uzito kama mikono yako. Meneja wa spa atakulazia mteja mezani akutazame. Binti aliyefundwa na somo, yaani kungwi, kuandaa singo na liwa za kusugua mwili ana kitu ambacho mgeni analipia pesa nyingi, akiongeza usafi, Kiingereza na kujua misuli ya mwili imekaaje. Ila masaji si tiba ya mifupa. Usikubali kozi inayokuambia utatibu mgongo baada ya wiki sita.

*Hoteli.* Idara ni nne kubwa: mapokezi, vyumba, jikoni, na huduma ya chakula na vinywaji. Wengi wanataka mapokezi kwa sababu ya suti. Waliodumu ninaowajua wengi ni wa jikoni. Mpishi mzuri hana shida ya kazi, na hata akikosa hoteli anafungua mgahawa wake.

Hatua ya 2: Soma cheti chako bila kujionea huruma

Kwenye matokeo ya kidato cha nne D ni ufaulu. F ndiyo kufeli. Kwa hiyo mwenye D zake nne hajapotea, ila zinatakiwa ziwe D za masomo yanayohusika.

Kwa uuguzi na ukunga, na kwa utabibu, unatakiwa uwe na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, ndani yake ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Kwa famasi ni manne pia, zikiwemo Kemia na Biolojia. Hisabati na Kiingereza huongeza nguvu pale waombaji wanapobanana. Kozi nyingine za afya zina vigezo vyake. Fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, kinapatikana bure kwenye tovuti yao, usome mstari wa kozi yako mpaka mwisho. Mstari mmoja tu, dakika mbili.

Hoteli ni rahisi kidogo: kwa ngazi ya cheti inayosimamiwa na NACTVET unahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, bila kubanwa na sayansi. VETA, wale wa vyuo vya ufundi stadi, wanapokea hata aliyeishia darasa la saba kwa baadhi ya fani.

Tahadhari: maarifa ya Uislamu na maarifa ya Biblia hayahesabiwi kwenye yale manne. Kila mwaka napata kijana mmoja anayehesabu nne na kumbe anazo tatu.

Na hili la Hisabati, hata kama kozi yako haiidai leo, lina meno. Tabibu anayetaka baadaye kusomea udaktari hutakiwa, juu ya stashahada yenye GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0, awe na angalau D ya Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza kwenye cheti cha kidato cha nne. Nina mwenzangu kazini, tabibu hodari kabisa, alirudi kurisiti hisabati akiwa na watoto wawili. Kama una F ya hisabati na bado una miaka kumi na nane, irisiti sasa hivi wakati milinganyo haijakutoka kichwani.

Hatua ya 3: Jua unaomba ngazi gani

Vyuo vya kati vya afya huenda kwa ngazi za NTA, yaani ngazi za kitaifa za tuzo za ufundi. NTA 4 ni cheti cha awali, NTA 5 ni astashahada, NTA 6 ni stashahada. Uuguzi na utabibu wa stashahada ni miaka mitatu kwa aliyetoka kidato cha nne, kila mwaka ngazi moja. Ukiishia mwaka wa kwanza una karatasi ya NTA 4, na karatasi hiyo peke yake haikupi leseni. Wanaopanga "nisome mwaka mmoja kwanza nitafute kazi nijilipie" wanapigwa hapo.

VETA wana ngazi zao, za ufundi stadi, moja hadi tatu. Hizo zinapima mikono zaidi. Kwa hoteli si unyonge hata kidogo.

Hatua ya 4: Hakiki chuo, halafu hakiki programu

Ni vitu viwili. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kabisa, bango lina namba ya usajili, lakini programu unayoitaka hakina ruhusa ya kuifundisha. Binti wa jirani yangu alilipa muhula mzima wa famasi mahali ambapo ruhusa ilikuwa ya kozi nyingine. Walimwambia "tuko kwenye mchakato". Mchakato ule haukwisha, na hela haikurudi.

Fanya hivi:

1. Fungua orodha ya vyuo kwenye tovuti ya NACTVET au kitabu cha mwongozo. Tafuta jina la chuo lilivyoandikwa, usikubali linalofanana.
2. Angalia namba ya usajili. Vyuo vya afya hubeba herufi HAS, vya biashara na utalii hubeba BTP.
3. Chini ya jina la chuo, angalia kama kozi yako imetajwa, kwa ngazi gani, na nafasi ngapi.
4. Uliza wanafunzi wa chuo hicho wanakwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, hospitali gani. Chuo cha afya kisicho na hospitali ya kufundishia karibu kitakufundisha kuchoma sindano kwenye godoro.
5. Mwisho, mtafute mhitimu wa mwaka jana umuulize swali moja: "Leseni umepata?"

Kwa hoteli, vyuo vya serikali vinavyofahamika ni Chuo cha Taifa cha Utalii, chenye kampasi Dar es Salaam za Bustani na Temeke, Arusha na Mwanza, na kile cha VETA cha Hoteli na Utalii kilichopo Njiro, Arusha. Vya binafsi ni vingi, vizuri vipo. Nenda saa tano asubuhi uombe kuona jiko la mafunzo. Jiko likiwa limefungwa na funguo "anayo mwalimu kasafiri", ondoka.

Hatua ya 5: Piga hesabu yote, usiishie kwenye ada

Ada ndiyo wanayoiandika kwa wino mkubwa. Chini yake kuna bweni, chakula, mitihani ya taifa, sare mbili tatu, viatu, bima ya afya, stethoskopu, kipima presha, kipimajoto, saa yenye mshale wa sekunde, madaftari ya fildi na michango ambayo hujaisikia. Kwa hoteli kuna koti la mpishi, kofia, visu vyako mwenyewe na viatu visivyoteleza. Nauli na chumba cha kupanga wakati wa fildi ndivyo vinavyoangusha wengi: umesoma Kilosa, fildi umepangiwa mkoa mwingine, miezi inakwenda.

Omba fomu ya maelekezo ya kujiunga kabla ya kulipa chochote. Jumlisha kila mstari, zidisha kwa miaka, halafu mwonyeshe mzazi jumla hiyo. Mzazi aliyeijua mapema atauza mahindi kwa wakati wake. Aliyeshtukizwa muhula wa tatu atakuambia urudi nyumbani.

Mkopo upo. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, imekuwa ikitoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya na sayansi shirikishi ikiwemo. Cheti cha kuzaliwa lazima kiwe kimehakikiwa na RITA, na uhakiki unaweza kuchukua siku kadhaa. Usisubiri wiki ya mwisho.

Hatua ya 6: Tuma maombi mwenyewe

Kozi za afya za Tanzania Bara huombwa kupitia mfumo wa udahili wa pamoja wa NACTVET. Kozi nyingine, hoteli ikiwemo, unaomba chuoni moja kwa moja. VETA wana fomu zao, ambazo kwa kawaida hutoka nusu ya pili ya mwaka kwa masomo yanayoanza Januari.

1. Subiri tangazo la dirisha kufunguliwa kwenye tovuti ya NACTVET. Picha inayozunguka WhatsApp si tangazo.
2. Fungua akaunti kwa namba yako ya mtihani na simu yako. Ukienda steshenari kufanyiwa, sawa, lakini namba ya simu na barua pepe viwe vyako. Vijana wa steshenari hujaza za kwao ili wasikucheleweshe, halafu ujumbe wa kuchaguliwa unaenda kwao.
3. Lipia kwa namba ya malipo ya serikali uliyopewa na mfumo. Ukiambiwa utume kwenye namba ya mtu binafsi, hapo umeshaibiwa.
4. Chagua vyuo kwa mpangilio. Usijaze vyote vya serikali vya mjini. Weka kimoja unachokitamani, viwili vinavyolingana na ufaulu wako, na vya mikoani ambako waombaji ni wachache. Ifakara ni mbali na Dar lakini wauguzi wake wanaheshimika nchi nzima.
5. Bonyeza kuwasilisha. Naandika hili kwa sababu wapo wanaojaza kila kitu, wanalipa, halafu hawabonyezi.
6. Piga picha ukurasa wa mwisho.

Tahadhari juu ya madalali: mtu anayesema "nina mjomba wizarani atakupa nafasi" hana mjomba. Chuo kinachokupigia simu kukuambia umechaguliwa wakati hukuomba kinatafuta ada yako.

Hatua ya 7: Ukisubiri, usilale

TAMISEMI nao hupanga wahitimu wa kidato cha nne moja kwa moja kwenda kidato cha tano na vyuo vya kati vya serikali. Kabla ya hapo hufungua nafasi ya kubadili machaguo uliyoandika shuleni. Wengi walijaza yale machaguo kidato cha nne bila kufikiri. Ingia ubadilishe dirisha likiwa wazi.

Udahili wa NACTVET hutoka kwa awamu. Ukikosa ya kwanza, angalia vyuo vyenye nafasi zilizobaki uombe tena. Ukichaguliwa, thibitisha ndani ya muda. Nafasi isiyothibitishwa hupewa mwingine.

Hatua ya 8: Kabla ya kuripoti

Pima afya kwenye hospitali inayotambulika na ujaze fomu kwa ukweli. Kama una kifafa au pumu, sema. Hawakufukuzi kwa hilo, ila wakikukuta umeanguka zamu ya usiku bila mtu kujua hali yako, ni hatari kwako na kwa mgonjwa.

Anza chanjo ya homa ya ini B sasa. Dozi ni tatu na zinachukua miezi sita: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita tangu uanze. Ukisubiri mpaka uingie wadini, utakutana na damu kabla kinga haijakamilika. Nimeshuhudia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akijichoma sindano iliyotumika, hajachanjwa. Wiki zile za kusubiri majibu alikonda mpaka mama yake akadhani ana kingine.

Jifunze Kiingereza cha kusoma. Masomo ya afya na mitihani yake ni Kiingereza. Mgonjwa utaongea naye Kiswahili, lakini mtihani utakuuliza dalili za presha ya ujauzito kwa lugha nyingine. Kwa wa hoteli, ongeza salamu na sentensi ishirini za Kifaransa, Kiitaliano au Kijerumani. Zanzibar hizo sentensi ishirini ni mshahara.

Hatua ya 9: Muhula wa kwanza ndio unaoua

Wanaodisko, yaani wanaofukuzwa chuo kwa kufeli, wengi wanadisko mwaka wa kwanza, na somo la anatomia lina makaburi mengi. Usome kila siku kidogo, uchore, umfundishe mwenzako. Ukipata sapu, yaani mtihani wa kurudia somo, isikuvunje, ila usizirundike.

Fildi jazisha kitabu chako kila siku, palepale. Muuguzi wa zamu hawezi kukusainia kazi ya wiki iliyopita, mimi mwenyewe siwezi. Fika kabla ya makabidhiano ya zamu, salimia wagonjwa na ndugu zao, uliza. Kwa wa hoteli, fildi ndiyo usaili wako wa kazi: mpishi mkuu akikuona unafuta meza bila kuambiwa, ameshaliandika jina lako.

Ukikwama

*Majina yangu kwenye cheti cha kuzaliwa na cha shule hayafanani.* Nenda kwa wakili upate hati ya kiapo, kisha uulize RITA na NECTA nini kinarekebishika. Fanya sasa, maana tatizo hili halifi lenyewe. Litakufuata kwenye mkopo, leseni na ajira.

*Nina D tatu tu.* Risiti somo moja au mawili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wakati unasubiri, soma VETA, au fanya kazi kwenye mgahawa ujue moto wa jiko. Usikubali chuo kinachosema kitakupokea hivyohivyo "utamalizia mbele". Matokeo yako yatahakikiwa na jina lako litakataliwa baada ya kulipa.

*Nafanya kazi hotelini miaka sita, sina cheti.* Wewe huhitaji kukaa darasani miaka miwili. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: wanakupima unachokijua, wanakuongezea kinachopungua, wanakupa cheti. Wapishi na wahudumu wengi wamepita huko. Ulizia chuo cha VETA cha mkoa wako.

*Nimemaliza stashahada ya uuguzi, kwa nini hospitali hawanipokei?* Kwa sababu kumaliza chuo na kuwa na leseni ni mambo mawili. Wauguzi wanasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo lina mtihani wake. Watu wa famasi wana Baraza la Famasi, na maabara nao wana lao. Ulizia taratibu za baraza lako ukiwa mwaka wa mwisho, usisubiri mahafali.

*Nataka kuunga shahada.* Utahitaji namba ya uthibitisho wa tuzo, AVN, inayotolewa na NACTVET, kabla ya kuomba chuo kikuu. Hakikisha chuo chako kimepeleka matokeo yako yote. Ucheleweshaji wa vyuo kupeleka matokeo ndio unaowakosesha wengi udahili.

*Mzazi anataka unesi, mimi nataka jiko.* Mpeleke mzazi akaone jiko la chuo kizuri, na wewe ukakae wadini siku moja kama ndugu wa mgonjwa, uone kama kweli humtaki yule mgonjwa au unamkatalia mzazi tu. Wazazi wengi wakishaona vijana wamevaa koti jeupe na kofia ndefu wanalegea. Baba mmoja hapa mtaani alilegea pale alipoonjeshwa.

*Naogopa damu.* Mimi nilizimia mara mbili mwaka wa kwanza, mara ya pili nikiwa nimeshika beseni. Ukiona giza linakuja, kaa chini papo hapo, usijikaze ukiwa umesimama, na usiingie zamu bila kunywa chai. Kwa wengi inaisha ndani ya wiki chache. Ikifika muhula wa pili na bado unazimia, zungumza na mwalimu wako mapema uone kama inawezekana kuhamia kozi nyingine kabla hujalipa ada ya mwaka wa pili.